Kiti Kisicho na Mshahara

Ikiwa umewahi kupita katika chuo kikuu chochote cha humu nchini wakati wa uchaguzi wa wanafunzi, huna haja ya kusimuliwa. Kuta hugeuka rangi kwa mabango, soda na mandazi hugawanywa bure, wapambe hukesha wakihesabu nani ni wetu na nani si wetu, na mgombea aliyekuwa akikopa nauli juzi huonekana leo akishushwa na gari la watu wasiojulikana. Kiti hicho kina marupurupu yake na kila mtu anayajua, hata anayejifanya hayajui.

Sasa hebu fikiria kinyang'anyiro cha namna nyingine. Kiti chenyewe hakina mshahara. Hakina gari wala zabuni ya kugawia marafiki. Wapiga kura wametoka katika nchi nyingi, wengi wao hujapata kuonana nao, na huwezi kuwaomba kura kwa lugha ya mama yako kwa sababu hawataielewa. Isitoshe, kitu unachowaahidi ni kitu ambacho babu zao walikitafuta hadi wakazeeka bila ya kukipata: serikali moja ya shirikisho kwa bara la Ulaya.

Kuna vijana ambao kila baada ya miaka miwili hujitosa katika uchaguzi wa aina hiyo. Chama chao ni cha Vijana Watetezi wa Shirikisho la Ulaya, kwa kifupi JEF, herufi zinazotokana na jina lake la Kifaransa. Kwa umbo lake la sasa kilianza mwaka wa 1972, ofisi yake kuu iko Brussels, nchini Ubelgiji, kina matawi katika nchi zaidi ya 30, na ni cha watu wasiozidi umri wa miaka 35. Si tawi la chama chochote cha siasa. Ndani yake utamkuta msoshalisti, mhafidhina, mliberali na mtetezi wa mazingira wakiketi meza moja, na nje ya mkutano huenda wakapigania kura katika vyama hasimu.

Kinachowaweka pamoja ni lile neno moja, shirikisho. Na neno hilo, msomaji wangu, ndilo mtihani wa kwanza wa mgombea, maana kila sikio hulisikia lake.

Mjerumani hashtuki akilisikia. Nchi yake ni shirikisho la majimbo 16, na mtoto hujifunza habari hizo shuleni kama anavyojifunza hesabu. Mfaransa amelelewa katika jamhuri ambayo kwa karne nyingi mambo makubwa yameamuliwa Paris, kwa hivyo lazima umweleze taratibu. Kwa wanasiasa wengi wa Uingereza neno hilo lilikuwa kama tusi. Mwaka wa 1991, wakati mkataba wa Maastricht ulipokuwa ukijadiliwa, serikali ya John Major ilishikilia kwamba maneno yaliyotaja lengo la shirikisho yaondolewe, na kweli yakaondolewa kabla ya mkataba kutiwa sahihi Februari 1992. Tusiwacheke. Sisi wenyewe tunakumbuka neno "majimbo" lilivyokuwa katika miaka ya tisini: kuna waliosikia ugavi wa mamlaka, na kuna waliosikia kufukuzwa mashambani mwao.

Wanachokitaka vijana hawa si kuzifuta nchi. Wanataka mambo yanayozishinda nchi moja moja, kama vile ulinzi, mambo ya nje, biashara na hewa inayochafuliwa bila ya kujali mpaka, yaamuliwe na serikali ya Ulaya inayowajibika kwa bunge lililochaguliwa na raia. Yaliyosalia yabaki Madrid, Warsaw, au hata kwenye baraza la mji mdogo.

Je, mawazo haya yalitoka wapi? Wengi hudhani yalizaliwa katika ofisi zenye mazulia. La hasha. Yalikuwako mawazo kama hayo tangu zamani, lakini maandishi ambayo wanashirikisho huyaenzi zaidi yaliandikwa kifungoni.

Ventotene ni kisiwa kidogo cha Italia, jiwe lililozungukwa na bahari, ambako utawala wa kifashisti wa Benito Mussolini uliwahamishia wapinzani wake. Miongoni mwao alikuwa Altiero Spinelli, mzaliwa wa Roma, aliyekamatwa mwaka wa 1927 akiwa kijana mkomunisti wa miaka 19. Alikaa gerezani takriban miaka kumi, kisha badala ya kuachiliwa akapelekwa visiwani. Humo kifungoni aliachana na chama chake, nacho kikamfukuza, hivi kwamba alikuwa mfungwa wa serikali na mtengwa wa wenzake kwa wakati mmoja. Mwaka wa 1941, majeshi ya Hitler yakiwa yameshika karibu bara zima, yeye na mfungwa mwenzake Ernesto Rossi waliandika waraka uliosema kwamba vita hivyo vikiisha na kila nchi ikarudi ilivyokuwa, vita vingine vitakuja. Dawa ni Ulaya huru iliyoungana katika shirikisho. Eugenio Colorni, mfungwa mwingine, aliuandikia dibaji. Wanawake, akiwamo mkewe Colorni, Ursula Hirschmann, ndio waliosaidia kuutorosha waraka hadi bara. Colorni hakuiona Ulaya hiyo: wafashisti walimpiga risasi mjini Roma Mei 1944, siku chache tu kabla ya mji huo kukombolewa.

Piga hesabu ya umri. Spinelli alizaliwa Agosti 1907. Alipokuwa akiandika alikuwa hajatimiza miaka 34. Angekuwa hai leo akiwa na umri ule, angeruhusiwa kugombea uongozi wa hawa vijana ninaowasimulia.

Waliofuata hawakuwa wapole. Tarehe 6 Agosti 1950, miaka mitano tu baada ya vita, wanafunzi wapatao 300 kutoka nchi kadhaa walikutana kutoka pande mbili za mpaka wa Ufaransa na Ujerumani, karibu na mji wa Wissembourg. Waling'oa vizuizi vya mpakani na kuvitia moto, wakidai bunge na serikali ya Ulaya. Hebu wazia: vijana ambao kaka zao walikuwa wakiuana juzi, leo wanaota moto mmoja wa kuni za forodha. Mkataba wa Schengen, ulioondoa ukaguzi kwenye mipaka ya namna hiyo, ulikuja kutiwa sahihi mwaka wa 1985 na kuanza kutekelezwa 1995. Waliochoma vizuizi wakiwa na miaka 20 walikuwa wamefika 65.

Hapo ndipo ugumu wa kugombea ulipo. Muhula ni miaka miwili, lakini jambo lenyewe huhesabiwa kwa miongo.

Tuseme wewe ni msichana wa miaka 26 kutoka Bologna na unautaka urais wa JEF. Uchaguzi hufanywa na mkutano mkuu, ambako matawi ya nchi hutuma wajumbe, na tawi lenye wanachama wengi huwa na sauti kubwa. Mjumbe kutoka Finland atakuuliza habari za ulinzi, kwani nchi yake inapakana na Urusi. Mgiriki hajasahau miaka ya madeni. Mjumbe wa Serbia, ambayo ilitambuliwa rasmi kuwa mwombaji wa uanachama mwaka wa 2012, atataka kujua watasubiri mlangoni hadi lini. Kutoka Uingereza atakuja kijana ambaye nchi yake ilijitoa katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020, lakini tawi lao halikujitoa katika chama. Na wote hao utawajibu kwa Kiingereza, lugha ya nchi iliyokwisha kuondoka! Utani wa historia huo, lakini ndivyo kazi zao zinavyoendeshwa.

Kisha atasimama mmoja huko nyuma na kukuuliza swali la kukata: kura ya turufu utaifanya nini?

Niruhusu nilieleze hilo, kwa sababu ndilo linalowakosesha usingizi. Umoja wa Ulaya una nchi 27, na katika mambo ya nje na kodi, miongoni mwa mengine, ni lazima zote zikubaliane. Moja ikikataa, kazi imekwama. Desemba 2023 viongozi walikutana kuidhinisha msaada wa euro bilioni 50 kwa Ukraine iliyokuwa vitani. Hungary peke yake ikakataa, na hadi Februari 2024 ndipo ilipokubali. Wanashirikisho wanasema huo si umoja, ni wapangaji wa nyumba moja ambako mmoja anaweza kuwazimia wote taa. Lakini ili kuiondoa kura ya turufu lazima mkataba ubadilishwe, na ili mkataba ubadilishwe lazima nchi zote zikubali, ikiwamo ile inayoitumia. Novemba 2023 Bunge la Ulaya lilipitisha mapendekezo ya kurekebisha mikataba kwa kura 291 dhidi ya 274. Uamuzi hata hivyo uko mikononi mwa serikali.

Spinelli mwenyewe aliionja pilipili hiyo. Mwaka wa 1979 raia walipolichagua Bunge la Ulaya moja kwa moja kwa mara ya kwanza, aliingia akiwa mzee wa miaka 71. Aliwakusanya wabunge wachache katika mkahawa mmoja wa Strasbourg uitwao Au Crocodile, na Februari 1984 Bunge likapitisha rasimu yao ya mkataba mpya kwa kura 237 dhidi ya 31. Serikali zikachukua vipande vichache tu. Alifariki Mei 1986. Jengo kubwa la Bunge hilo mjini Brussels limepewa jina lake, heshima ambayo, kwa maoni yangu, ni rahisi kuliko kufuata alichokisema.

Kwa hivyo mgombea mwaminifu afanye nini? Akiahidi kuleta shirikisho katika miaka miwili, mwongo huyo. Akiahidi semina tu, hata mimi singempigia. Mwenye akili huchagua jambo ambalo muhula wake unaweza kulisukuma. Mfano ni umri wa kupiga kura: Austria iliushusha hadi miaka 16 mwaka wa 2007, na katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya wa Juni 2024 vijana wa miaka 16 walipiga kura Ujerumani na Ubelgiji pia. Mfano mwingine ni orodha ya wagombea wanaovuka mipaka, ambao raia wa Ureno na wa Latvia wangewapigia kura kwa pamoja. Bunge liliunga mkono viti 28 vya namna hiyo Mei 2022, lakini uchaguzi wa 2024 ulifanyika bila hata kimoja.

Nina lawama moja, na sitaificha. Kiti kisicho na mshahara kinasikika kitakatifu, lakini nani awezaye kukikalia? Safari za mara kwa mara, mikutano ya mwisho wa juma, simu za usiku: kazi hizo humfaa aliyesoma chuo kikuu, anayeongea lugha tatu na ambaye nyumbani hawamngojei alete unga. Kijana wa gereji mjini Naples, au anayeoka mikate usiku huko Lodz, ataingiaje katika ukumbi ule? Wapinzani wa Umoja wa Ulaya husema kwamba ni mradi wa wasomi na wasafiri, na chama kinachojaza jukwaa lake wasomi na wasafiri kinawapa ushahidi bure. Tarehe 29 Mei 2005 Wafaransa walikataa katiba ya Ulaya katika kura ya maoni, na siku tatu baadaye Waholanzi nao wakaikataa. Waliokataa hawakuwa wote wajinga wa kuelimishwa. Ningekuwa mjumbe, hilo ndilo swali ningeliuliza kwanza, kabla ya kura ya turufu.

Sisi tuliolelewa Afrika Mashariki hatuwezi kulisikiliza jambo hili kama wageni. Tarehe 5 Juni 1963, hapa hapa Nairobi, Kenyatta, Nyerere na Obote walitangaza nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka huo kumalizika. Mwaka ukaisha. Jumuiya ya 1967 ikavunjika 1977. Mkataba tulio nao sasa, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja shirikisho la kisiasa kama hatua ya mwisho. Lakini wabunge wetu wa Arusha huchaguliwa na mabunge ya nchi, wala si na mimi na wewe. Hilo Wazungu walilivuka mwaka wa 1979.

Nikirudi kwa yule msichana wetu wa Bologna, tuseme kura zimehesabiwa na ameshinda. Hakuna king'ora wala walinzi. Atapigwa picha na wajumbe, atakabidhiwa mafaili na madeni ya chama, halafu atatafuta treni ya kurudi kwao. Aliyeshindwa huenda akakaa kiti cha pili yake, na kabla ya kufika kwao watakuwa wameanza kubishana juu ya barua ya kwanza waiandikie nani.