Ila Isiyoonekana

Baba mmoja ametutaka tumweleze katika ukurasa huu kama yafaa mtu mwenye watoto wengi na mapato machache kununua motokaa kuukuu ya haibridi, yaani ile iendayo kwa petroli na umeme pamoja. Sisi si mafundi. Lakini tulikuwa nayo moja hapa Mombasa tangu mwaka 2018 hata 2022, na yaliyotupata tutayasema kama yalivyokuwa.

Motokaa hizi si ngeni tena. Ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Toyota Prius, iliyotoka Japani mwezi wa Desemba 1997. Ndani mna injini ya petroli, mna na mota ya umeme, na betri kubwa iliyofichwa nyuma ya viti. Dereva akanyagapo breki, mota hugeuka mtambo wa kuzalisha umeme, na umeme ule ukarudi betrini. Ndiyo maana hunywa petroli kidogo katika mji wenye msongamano.

Betri hiyo si kitu kimoja. Katika Prius iliyotoka mwaka 2003 mlikuwa na vijisanduku 28, kila kimoja volti 7.2, na jumla yake volti 201.6. Vimeungwa kama shanga katika uzi mmoja, hata kimoja kikidhoofika vyote hutaabika. Na adui yao mkubwa ni joto. Pembeni mwa kiti cha nyuma pana tundu, na nyuma ya tundu hilo feni ivutayo hewa ya chumba cha abiria ili kuipoza betri. Vumbi likiziba feni, au mzigo ukiegemezwa pale, betri huungua polepole na dereva asijue. Yetu nayo ilikuwa na tundu kama hilo. Nasi tulikuwa tukipakia mikeka, juzuu na watoto wa chuoni, na begi moja halikuwa na mahali pengine pa kukaa ila pale pale.

Taabu ya kwanza ilikuwa asubuhi moja ilipokataa kuwaka. Gereji moja ilitutajia bei ya betri kubwa mpya, nasi tukaanza kuhesabu jamaa wa kuwakopa. Kumbe iliyokufa ni betri ndogo ya volti 12, iamshayo kompyuta za gari. Bila ya hiyo, kubwa haiwezi hata kuunganishwa. Tulitoa fedha kidogo tukaenda zetu.

Ya pili haikuwa ya mzaha. Mwaka 2021, tukirudi Kilifi, iliwaka taa nyekundu yenye umbo la pembetatu, na gari likaishiwa nguvu. Kijana mmoja aliyesoma Kurani chuoni kwetu, ambaye sasa ni fundi, akaja nyumbani. Akavaa glavu za mpira, akavuta plagi ya kukatia umeme, kisha akaketi dakika kumi bila ya kugusa kitu, kwani umeme hubaki ndani hata baada ya kukatwa. Akavipanga vijisanduku barazani, akakiunga kila kimoja na balbu ya taa ya mbele, na volti zake akaziandika katika karatasi. Viwili vilianguka upesi. Vipande vya shaba viviungavyo vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

"Maalim," akasema, "nitatia viwili vingine, lakini navyo ni vikuukuu kama wenzao. Sikuahidi mwaka."

Haukufika mwaka. Baada ya miezi minne kilikufa kingine, kisha kingine tena. Mara ya tatu yule kijana aliinamisha macho. "Maalim, taa hii naweza kuifuta kwa kompyuta. Itakaa siku mbili tatu kabla ya kurudi. Wengi huuza siku hizo."

Hatutajipamba mbele ya wasomaji: hatukumjibu siku ile. Karo ya watoto ilikuwa imefika, na betri mpya hatuiwezi. Nasi ndio tuwasomeshao vijana mlango wa biashara, kwamba auzaye kitu huku aijua ila yake hana budi kuidhihirisha, na kwamba mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kurudisha. Usiku mmoja ulitutosha. Tulimwambia asiifute.

Mnunuzi wa kwanza alisikia habari akaaga. Wa pili hakumaliza chai. Wa tatu, dereva wa teksi, aliomba ile karatasi ya volti, akaisoma mara mbili, akatoa shilingi 140,000 chini ya bei tuliyoitaka. Tukapokea. Karo tulilipa nusu, nusu tukaomba muda.

Basi baba aliyeuliza, ukitaka kununua, nunua, lakini usiridhike na taa zilizozimika. Iendeshe saa nzima mchana wa jua, na mpandoni. Fungua tundu la feni utazame vumbi. Omba volti za kila kijisanduku. Na mwambie fundi aisome kompyuta, kwani mara nyingi huweka hesabu ya kilomita zilizokwenda tangu taa zilipofutwa. Ukiona hesabu hiyo ni kilomita thelathini tu, mgeukie mwenye gari umuulize juzi alifuta nini.