VIUNGO VYA WAZEE NA AKILI ZAO

Dodoma ni makao makuu ya Serikali. Ndiko pia iliko Hospitali ya Mirembe, inayohudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927. Kwa muda mrefu tumezoea kuamini kwamba maradhi ya akili yana mlango wake, na maradhi ya mwili yana wake. Mazoea hayo yanawaumiza wazee wetu, wa Bara na wa Visiwani.

Kinga ya mwili ni jeshi la ulinzi. Yako maradhi ambamo jeshi hilo huwageukia raia wake lenyewe: baridi yabisi, lupasi, kisukari cha aina ya kwanza. Mwaka 2017 wataalamu wa Oxford walitangaza matokeo ya kuchunguza majalada ya wagonjwa wa namna hiyo wapatao milioni 1.8 waliolazwa nchini Uingereza. Uwezekano wao wa kulazwa baadaye kwa maradhi ya kupoteza kumbukumbu ulizidi wa wengine kwa asilimia 20. Na kwa aina itokanayo na kuharibika kwa mishipa ya damu, asilimia 28. Si kila mwenye baridi yabisi atakayesahau jina la mwanawe, wala haijathibitika kwamba ugonjwa mmoja ndio unaozaa mwingine. Hata hivyo, dalili hiyo si ya kupuuzwa.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya Wazungu. Utafiti wa wilayani Hai, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kuwa katika kila wazee 100 wenye miaka 70 na zaidi, wapatao sita walikuwa na maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Ni aibu kwamba katika baadhi ya vijiji vya Bara, bibi aliyepinda vidole na kupotea njia ya kisimani huitwa mchawi, na wako waliouawa kwa tuhuma hiyo.

Zanzibar imeonyesha njia: tangu mwaka 2016 inawapa pensheni wazee waliotimiza miaka 70, hata wasiopata kuajiriwa. Heshima hiyo ifuatwe na ya matibabu. Ndugu viongozi wa afya, agizeni kila anayemtibu mzee wa viungo au kisukari ampime shinikizo la damu, kisha awaulize jamaa zake: je, mzee anakumbuka? Swali hilo halihitaji mashine wala fedha za kigeni.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Waliotuundia nchi hii ndio hao.