Bei Twatangaziwa, Akiba Je?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, yaani EWURA, hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Bei hizo hupangwa mji kwa mji, hata mtu wa Moshi na mtu wa Rombo kila mmoja akajua kiwango chake. Ni utaratibu mwema, wala hatuudharau. Lakini bei ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni kiasi cha mafuta kilichomo matangini, na hiyo mwananchi wa Kibosho au Marangu huijua pale tu anapoona foleni kituoni.

Tukumbuke mambo mawili. Mwezi Agosti 2011 EWURA ilishusha bei ya petroli kwa takribani shilingi 200 kwa lita. Badala ya watu kufurahi, nchi ilikauka. Baadhi ya makampuni yaligoma kuuza kwa bei mpya, pampu zikafungwa, na abiria wakaachwa barabarani. Miaka 12 baadaye mambo yakawa kinyume. Katikati ya mwaka 2023 dola zilikuwa adimu na bei ilitazamiwa kupanda. Bei kikomo ya petroli mjini Dar es Salaam, iliyokuwa shilingi 2,736 mwezi Julai, ilifika 3,199 mwezi Agosti. Hilo ni ongezeko la shilingi 463 kwa usiku mmoja. Mwenye lita 10,000 tangini ambaye angefunga pampu zake mpaka Jumatano ile angejipatia zaidi ya shilingi milioni 4 bila kutoa jasho. Wala si dhana tu: mwaka huohuo EWURA ilivifungia baadhi ya vituo kwa miezi sita kwa kosa la kuficha mafuta.

Basi bei iliposhuka mafuta yalijificha, na ilipokaribia kupanda yakajificha vilevile. Wazee wetu, waliozoea enzi za walanguzi wa sukari na sabuni na marufuku ya kuendesha magari Jumapili alasiri, hawatashangaa. Nabii Amosi naye aliwakemea wafanyabiashara walioingoja sikukuu ipite ili wafungue ghala za ngano. Siku hizi kinachongojewa ni Jumatano.

Kwetu sisi wa mlimani jambo hili lina uzito wake. Mafuta ya Kilimanjaro, Arusha na Manyara hutegemea sana bandari ya Tanga, na bei zetu hukadiriwa kwa shehena zinazoshushwa huko. Imekwisha kutokea mwezi ambao tangazo lilisema kuwa bei za mikoa yetu hazibadiliki kwa sababu hakuna meli iliyoshusha mafuta Tanga. Msomaji wa haraka hufurahi kwamba bei imetulia. Msomaji makini hujiuliza: kama meli haikuja, tunachoma akiba ya nani, nayo itatosha siku ngapi?

Tena bei kikomo huishia penye pampu. Huko juu, mbali na lami, petroli huuzwa kwa chupa za plastiki kando ya njia, nayo chupa haijui EWURA. Ni hatari ya moto, ni kweli, lakini kijana wa bodaboda hatashuka mpaka mjini kwa ajili ya lita mbili. Mafuta yanapoadimika mjini, chupa hupanda kwanza, kisha nauli. Mama anayeteremsha mikungu ya ndizi kwenda soko la Kiboriloni hulipa tofauti hiyo, na hawezi kumwongezea mnunuzi aliyezoea bei ya jana. Mafuta yakishapatikana tena, nauli haina haraka ya kurudi ilikotoka.

Tunachodai ni kidogo: akiba itangazwe kila wiki, mkoa kwa mkoa, kama inavyotangazwa bei. Kazi hiyo si ngumu. Mafuta ya nchi huagizwa kwa pamoja, meli zinajulikana, vipimo vya bandarini vinajulikana. Marekani ofisi ya serikali ya takwimu za nishati hutoa kwa kawaida kila Jumatano hesabu ya mafuta yaliyomo maghalani, na kila mtu huisoma, tajiri na maskini. Wako watakaosema kwamba hesabu ndogo ikitajwa watu watakimbilia vituoni na madumu. Hofu hiyo haikosi msingi. Hata hivyo watu hukimbia tayari, kwa uvumi, na uvumi humnufaisha yule mmoja anayejua tangi lake lina nini.

Tume za parokia zaweza kulifikisha dai hili kwa mbunge na kwa mkuu wa mkoa. Wakati huohuo viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waanze na lililo karibu. Bei kikomo ya mji wao isomwe kwenye ibada ya jumuiya baada ya kila Jumatano ya kwanza. Waamini wenye vyombo vya moto wadai stakabadhi kila wanunuapo, na kituo kinachozidisha bei au kufunga pampu ilhali tangi lina mafuta kiripotiwe ofisi ya EWURA ya Kanda ya Kaskazini, Arusha, pamoja na tarehe, saa na jina la kituo.