Tezi sita tu, mbona mnaziogopa?

Najua nimeadimika, UE zilinibana kisawasawa. Leo sina stori za kantini. Nawaletea ubishi uliotukesha bwenini, na msimamo wangu nauweka hadharani: daktari anayepasua ini kutoa kansa ya mirija ya nyongo, atoe na tezi za limfu za jirani. Asiziache.

Kwa ndugu zangu wa sheria na biashara, twende taratibu. Ini linatengeneza nyongo, na ndani yake kuna vijimirija vinavyoisafirisha. Kansa inaweza kuanzia humo humo ndani ya ini. Kaskazini mashariki mwa Thailand ugonjwa huu ni janga, na chanzo kikubwa ni minyoo ya ini inayopatikana kwa kula samaki wabichi wa maji baridi. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitangaza minyoo hiyo kuwa inasababisha kansa tangu 1994. Tezi za limfu nazo mnazijua, zikivimba kinenani mnasema mtu ana mitoki. Zipo pia chini ya ini, zimezunguka mrija mkuu wa nyongo na mishipa ya damu inayoingia kwenye ini. Kansa ikianza safari, mara nyingi inapitia hapo.

Sasa kimbembe. Kipande cha ini chenye uvimbe kikatwe, hilo halina ubishi. Je, na tezi zitolewe?

Washkaji wa upande wa pili walikuja na hoja tatu. Ya kwanza, eti picha za CT zinatosha, tezi ikiwa ndogo basi ni safi. Jamani, tezi ndogo inaweza kuwa na kansa, na iliyovimba inaweza kuwa ni uchochezi tu. Anayetoa jibu la uhakika ni yule wa maabara mwenye hadubini, na hawezi kupima kitu ambacho hakikutolewa.

Hoja ya pili ina uzito zaidi: hakuna ushahidi mzito kwamba kuzitoa kunarefusha maisha. Hapa nakubali. Tafiti nyingi ni za kurudi nyuma kwenye mafaili ya wagonjwa, na majibu yanagongana. Tena wakanitajia Waholanzi na kansa ya tumbo, kwamba waliotolewa tezi nyingi walikufa zaidi hospitalini, 10% kwa 4%. Kweli kabisa. Lakini someni desa mpaka mwisho! Matokeo ya miaka 15, yaliyotoka 2010, yalionyesha kuwa waliokufa kwa kansa yenyewe walikuwa 37% kwa waliotolewa tezi nyingi, na 48% kwa waliotolewa chache. Tumbo si ini, sawa, ila funzo lipo: gharama inalipwa leo, faida inaweza kuchelewa.

Hoja ya tatu ndiyo iliyonikera: "Si kila mtu anapewa dawa baada ya upasuaji? Majibu ya tezi ya nini?" Ni kweli, baada ya utafiti wa Uingereza uliotoka 2019, wagonjwa hupewa vidonge vya kapesitabini kwa miezi sita. Lakini angalieni namba zake. Kati ya wagonjwa 447, waliopewa dawa waliishi kwa wastani wa kati miezi 51, wasiopewa miezi 36, na bado kwa hesabu kuu ya takwimu tofauti hiyo haikufikia kiwango cha kuitwa uhakika. Sasa unamwambia mtu ameze dawa za kuchubua viganja na kuharisha, miezi sita, halafu unamnyima habari inayomwambia hali yake ikoje? Tezi moja tu ikikutwa na kansa, mgonjwa anahesabiwa hatua ya tatu hata kama uvimbe wake ni mdogo. Huyo ana maamuzi ya kufanya: shamba, ada za watoto, deni la benki. Kumwambia "tumetoa yote" bila kuangalia tezi ni kumpa matumaini ya kubahatisha.

Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa kupanga hatua za kansa, toleo la nane, linalotumika tangu 2018, unataka tezi zisizopungua sita. Na ziokotwe panapostahili: uvimbe wa upande wa kushoto wa ini unaweza kumwaga limfu kuelekea kwenye tumbo, kwa hiyo ukichungulia sehemu moja tu umejidanganya.

Sasa nisije nikaonekana mkereketwa. Mwenye ini lililosinyaa kwa makovu ni habari nyingine. Huyo ukimchokoa sana tumbo linaweza kujaa maji yasiyokauka. Daktari apime, na ikibidi aache. Lakini aandike kwenye faili kwamba tezi hazikupimwa. Asiandike kwamba ni safi. Hayo ni mambo mawili tofauti kama mbingu na ardhi, na ukiyachanganya anayeumia ni mgonjwa.

Kwa hiyo wadau, sisemi tezi sita zinaponya. Nasema zinasema ukweli, na mtu aliyekubali kupasuliwa ini anastahili kuupata.

Naomba kuwasilisha. Mwenye ubishi alete hoja, matusi abaki nayo bwenini kwake.