Kipaza Sauti Kianzie kwa Bibi

Huko Kilifi mvi zimegeuka hatia. Wako wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi, wala si kwa kutamani ujana; wanaokoa shingo zao. Mtoto akiugua ghafla, ng'ombe akifa, kijana akirudi mikono mitupu kutoka mjini, vidole vyote humwelekea babu au bibi: huyo ndiye mchawi. Ukidadisi kidogo mara nyingi utakuta kuna shamba. Mzee amekataa kuligawa, au amekataa kuliuza, na maadamu yu hai hakuna wa kumwondoa. Kinachotajwa ni uchawi, kinachotafutwa ni ekari.

Magazeti yetu huzimaliza habari hizi kwa mistari minne: ajuza auawa, polisi wachunguza. Marehemu hana nafasi ya kusema. Filamu ya The Letter, iliyotengenezwa na Maia Lekow na Christopher King, ilitenda lililotushinda sisi wa kalamu: ilikaa na mtuhumiwa. Kijana aliyeko mjini anapata habari kwamba bibi yake ameitwa mchawi kwenye Facebook, anarudi kijijini kuulizia, na sisi tunamwona bibi mwenyewe, mama wa miaka zaidi ya 90, mwenye sura, imani na ujasiri wake. Ukishamtazama hivyo, neno "ajuza" la gazetini linakukwama kooni.

Filamu hiyo ilionyeshwa kwanza Amsterdam mwezi Novemba 2019, na baadaye Kenya ikaichagua kuiwakilisha katika kinyang'anyiro cha Oscar. Sifa hizo ni haki yao. Lakini jamani, huko Amsterdam ni nani mwenye panga la kumkata bibi wa Kigiriama? Mtazamaji wa kule akilia, machozi yake ni ya huruma, wala hayamlindi mtu. Anayepaswa kuitazama filamu ya namna hii ni mjukuu anayelipigia hesabu shamba, mchungaji anayetaja majina madhabahuni, na jirani anayejua kila kitu akanyamaza. Hao hawana tiketi ya ndege. Sinema iwafuate waliko.

Wala kufuatwa na sinema si jambo geni kwetu. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walikuwa na mradi wao wa filamu pale Vugiri, milimani Usambara. Lori lilizunguka Tanganyika na nchi jirani likiwaonyesha watu namna ya kulima, kulipa kodi, kuepuka safura na kuweka akiba posta. Umma ulijaa. Ila kusema kulikuwa kwa upande mmoja tu: mkubwa anafundisha, mwananchi anatazama, taa zinazimwa, lori linaondoka.

Nasikitika kwamba mikutano yetu mingi ya "kuhamasisha jamii" bado inapanda lori lile lile. Shuka jeupe limetundikwa, jenereta inanguruma, filamu imekwisha, sasa ni mazungumzo. Kipaza sauti anapewa mgeni rasmi, ambaye amefika filamu ikiwa nusu na lazima aeleze barabara aliyoijenga. Kisha diwani. Kisha afisa wa shirika, kwa Kiswahili cha semina: uwezeshaji, wadau, changamoto. Bibi aliyekimbia kwake ameketi kiti cha plastiki mstari wa mbele, kama ushahidi uliowekwa mezani mahakamani. Anaulizwa mwishoni, mafuta ya jenereta yakielekea kwisha: "Nyanya, una neno?" Naye huzungumza Kigiriama, na hakuna aliyefikiria kuleta mkalimani.

Basi, ndugu waandaaji, ugeuzeni mpango huo. Mzee aseme kwanza, kwa lugha yake, mpaka amalize. Wakubwa wasikilize, na atakayeshika kipaza sauti baada yake ajibu aliloulizwa. Mwasema muda hautoshi? Punguzeni risala.

Wapo watakaosema kumwanika mzee hadharani ni kumwongezea hatari, kwa kuwa wageni wataondoka naye atabaki na wabaya wake. Hoja hii naiheshimu kuliko nyingine zote. Ndiyo maana picha haitoshi bila ridhaa, wala ridhaa si kidole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza. Mwenye habari aione filamu kabla ya mtu mwingine yeyote, awe na haki ya kusema hapa kateni, na wazee wa kaya na balozi wa nyumba kumi wajue nani atalala wapi usiku ule na usiku wa baadaye. Yasipopangwa hayo, heri projekta ibaki stoo. Lakini tusijidanganye kwamba kimya kinamkinga. Waliouawa hawakuwa wamepigwa picha na mtu yeyote.

Tena sheria ipo, na ni kongwe. Sheria ya Uchawi ya Kenya ni ya 1925. Ina mapungufu mengi, lakini imetamka wazi kwamba kumwita mtu mchawi, au kumtisha kwamba utamtaja kuwa mchawi, ni kosa, isipokuwa umepeleka madai hayo kwa wenye mamlaka. Ni wangapi kijijini wamewahi kuelezwa hivyo? Kila onyesho lina kitambo kile cha kungoja giza liingie, watoto wakikimbizana mbele ya shuka. Chifu yupo hapo hapo. Asimame akisome kifungu hicho, kwa Kigiriama, huku kijana aliyetuma ule ujumbe wa Facebook akiwa ameketi anamsikia.