Bolt au Kiptum: nani mkali?

Kuna ubishi usioisha pale chumba cha habari, na bila shaka upo hata kijiweni kwako. Nani mwanariadha mkali zaidi, wa mita 100 au wa marathoni?

Kambi ya mbio fupi inaye Usain Bolt. Berlin, mwaka 2009, alimaliza mita 100 kwa sekunde 9.58. Huo ni mwendo wa wastani wa zaidi ya kilomita 37 kwa saa. Kambi ya mbio ndefu inajibu kwa marehemu Kelvin Kiptum. Chicago, mwaka 2023, alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 2 na sekunde 35. Piga hesabu mwenyewe: kila mita 100 aliimaliza kwa sekunde kama 17, mara 421 mfululizo, bila kupumzika. Nenda uwanjani ujaribu mara moja tu, halafu urudi tuongee.

Mimi naona kuwashindanisha hawa wawili ni kupoteza muda. Bolt alitegemea nguvu iliyokwisha kuhifadhiwa kwenye misuli, ambayo huisha ndani ya sekunde chache. Ndiyo maana hata yeye alikuwa akipungua kasi mita za mwisho. Kiptum alitegemea oksijeni, na moyo na mapafu ya kuisambaza kwa saa mbili. Ni kazi mbili tofauti.

Lakini wadau, kuna kauli moja siikubali: eti mbio ndefu ni pumzi tu, kasi ni ya wengine. Tazameni Tokyo, Septemba 2025. Katika fainali ya mita 100 ya mashindano ya dunia, Oblique Seville alimshinda Kishane Thompson kwa sekunde 0.05. Kesho yake ikaja marathoni. Alphonce Simbu wetu na Amanal Petros wa Ujerumani wakaandikiwa muda mmoja, 2:09:48. Picha ikaamua: Simbu kashinda kwa sekunde 0.03. Yaani marathoni iliamuliwa kwa tofauti ndogo kuliko mita 100! Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo, na ilipatikana kwa kufyatuka mwishoni.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kwenye mashindano ya shule niliyowahi kuyaripoti, mtoto akishindwa mita 100 anaambiwa, "Wewe nenda mbio ndefu." Basi, kuanzia siku hiyo ni kuzunguka uwanja tu. Hakuna anayemfundisha kuchomoka, kunyanyua goti wala kubadili mwendo akiwa amechoka. Tunamjengea pumzi ya kufika mwisho, halafu tunashangaa anapoachwa mita 200 za mwisho.

Mbio ndefu si jalala la walioshindwa mbio fupi. Makocha wetu wawape watoto vyote viwili, kasi na pumzi, kabla ya kuwagawa. Tusipofanya hivyo, dhahabu ya Simbu itabaki peke yake kabatini.

Au wewe unasemaje?