Kabini Moja, Vitanda Viwili

PWANI YETU
Na Mwanahamisi Juma

Msichana anayemaliza darasa pale Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, anajua kusoma ramani ya bahari, anazijua taa za meli usiku na sheria za kupishana. Bado si ofisa. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, STCW, unamtaka kwanza akae baharini miezi 12 ya mafunzo, ndipo apewe cheti cha kushika zamu. Hapo ndipo anapokwama.

Meli zetu wenyewe za masafa ni za kuhesabu. Kwa hiyo binti anazunguka kwa mawakala na bahasha yake ya plastiki: vyeti, pasipoti, kadi ya homa ya manjano, kitabu cha baharia. Wavulana nao wanasota, nisiwaonee. Lakini mvulana huambiwa nafasi hakuna, arudi mwezi ujao. Msichana huambiwa meli haina kabini ya mwanamke, na hapo hana tena la kurudia.

Jibu hilo limekaa kistaarabu, ndiyo maana halihojiwi. Na lina chembe ya ukweli. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 unataka wanawake na wanaume walale vyumba tofauti, na kwenye meli nyingi za zamani makadeti, yaani wanafunzi walio kwenye mafunzo ya baharini, hulala wawili wawili. Ukimpandisha msichana mmoja, kitanda cha pili kinabaki kitupu, na mwenye meli anakihesabu hasara. Basi wapandisheni wawili! Kabini imejaa, na kila mmoja ana shahidi siku mkubwa wake atakapogonga mlango saa nane za usiku. Hilo la mlango ndilo wazazi wanaloliogopa kuliko mawimbi, na wana haki.

Ripoti ya 2021 ya BIMCO na ICS, vyama vya kimataifa vya wenye meli, ilikadiria mabaharia wanawake wenye vyeti kuwa 24,059 dunia nzima, asilimia 1.28 ya mabaharia wote. Sheria walau zimeanza kusogea: tangu Desemba 2024 mkataba ule wa kazi unadai hata vifaa vya kujikinga viwe vya saizi ya anayevivaa. Vizuri. Ila buti za namba 37 hazimfai aliyeachwa gatini.

Tunacho cha kubania, nacho ni bendera. Zipo meli za wageni zinazotembea na bendera ya Tanzania kupitia daftari la usajili wa meli la Zanzibar. (Baadhi ni kuukuu, hizo hata mwanangu wa kiume nisingempandisha.) Kwa zile nzima, sharti la usajili liwe kabini moja ya makadeti wetu, na kwa zamu iwe ya wasichana wawili. Mwenye meli asiyetaka akatafute bendera kwingine.